Vizito vya Mguu na Pua ya Tela

Nyinyi mliolala humu wodini na plasta zenu, nisikilizeni. Mimi nililala kitanda kama hicho chako, na mguu wangu ulikuwa umeshahukumiwa.

Mimi ni mpishi wa biriani za harusi, mtu wa Mji wa Kale. Miaka ya tisini nilikuwa na pikapu ndogo, na fundi akaniundia tela kubwa kuliko pikapu yenyewe. Niliringa nayo! Sisi wapishi tuna desturi: sufuria za nyama hupakiwa mwisho, nyuma kabisa, ili tukifika zishuke kwanza ziwahi moto. Mbele huwekwa majamvi na sinia.

Siku hiyo harusi ilikuwa Kisauni. Nilipokuwa nikiteremka daraja la Nyali, tela ikaanza kuyumba, kushoto, kulia. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Tela ikaisukuma pikapu ubavuni, nayo ikabingirika. Nilipojitazama, mfupa wa paja ulikuwa umetoboa suruali.

Hospitali walinipitisha chuma kwenye mfupa chini ya goti, wakafunga kamba, wakaning'iniza vizito. Wiki ya pili kidonda kikatunga usaha. Kilinuka hata chakula hakikunipita kooni.

Daktari akasema, "Nakupa siku nne. Usaha usipopungua, tutaukata mguu."

Mke wangu Zuhura alitoka nje kulia. Mimi nililia pale pale, sikuona haya.

Lakini binadamu ni kiumbe cha ajabu. Katika hofu ile nikawa navitazama vile vizito. Nikauliza, "Daktari, mbona hamuongezi, mfupa unyooke upesi?"

Akacheka. "Vikizidi, vipande vya mfupa vinaachana. Vikipungua, misuli inaupinda. Kila mguu na uzito wake."

Neno hilo likaniwasha kuliko kidonda: je, na tela nayo ina uzito wake? Nikamwita shemegi yangu Omari, mchukuzi wa Marikiti, aazime mizani ya magunia na kupima pua ya ile tela yangu iliyosalimika, pale inapofungwa kwenye gari.

"Shemegi, mguu waoza, nawe wataka kupima tela?"

"Nenda! Jaza sufuria maji, uzipange nyuma kama nilivyokuwa nikizipanga."

Akarudi macho yamemtoka. "Pua yaelea! Mshale hata hausogei. Nimezisogeza mbele, tela ikatulia, lakini nilipoifunga kwa pikapu ya jirani, ndogo kama yako, springi zikalala chini kabisa."

Basi nikaelewa. Mizigo ikikaa nyuma, tela iliinyanyua pikapu mkia. Ikikaa mbele, iliilalia. Gari lile halikuwa na uwezo wa mzigo ule, na safari zote nilizofika salama niliziita ustadi wangu. Mjinga mie.

Siku ya nne daktari alifungua bandeji, akainama, akanusa. Akanusa tena. "Mguu wako huu, kaa nao."

Miezi mitatu kitandani, Zuhura akinisafisha kama mtoto. Mungu amlipe. Mguu umepona, umefupika kidogo. Sasa nabeba nusu ya sufuria zangu, zile nzito mbele kidogo ya magurudumu ya tela, na naenda safari mbili. Wenzangu wanicheka, eti mwoga. Wacheke.

Nanyi ulizeni, jamani. Mkiona kamba, ulizeni inavuta nini. Kuuliza si ujinga.

Yule daktari alipomuoza bintiye, aliniita nikapike. Wageni walikuwa wengi, na wote niliwapakulia nimesimama.