Kebo ya Kumfikia Mama Uani

Mama yangu alipoanguka akiwa peke yake huko kijijini Kishanda, nilimfuata nikamleta kwangu Hamugembe bila kuomba ushauri wa mtu. Ndugu zangu walikuwa bado wanajadiliana kwenye simu nani atamchukua, mimi nilikuwa nimeshamfungia mizigo. Ndivyo nilivyo. Wanaopenda kujadiliana waendelee.

Ndani ya nyumba kuna vyumba vya kutosha, lakini alichagua mwenyewe chumba cha uani, ng'ambo ya jiko na migomba. Sikushangaa. Mama ni mtu wa zamani, na kwa Wahaya wa zamani mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anapinda kwenye migomba. Mume wangu ni msomi, lakini katika hilo alishika adabu kuliko nilivyotarajia. Kabla ya kutoka kwenda uani alikohoa kwanza, ili Mama apate muda wa kuvuta pazia. Hata salamu zao zilipitia kwangu.

Tatizo likawa jioni. Runinga ilikuwa sebuleni na king'amuzi kilikuwa kimoja. Sisi tulitazama taarifa ya habari, kisha mpira, tukabishana na kucheka. Mama alibaki uani na redio yake. Alivumilia kwa muda, halafu siku moja nilipompelekea chai akaniambia nimrudishe Kishanda.

"Kule niko peke yangu kwa sababu hakuna mtu," alisema. "Hapa niko peke yangu na watu wapo, waitu mwanangu."

Iliniuma. Iliniogopesha pia, kwa sababu alipoanguka alilala sakafuni mpaka jirani alipopita kuomba moto, na safari nyingine jirani huenda asipite. Nilijua siwezi kumzuia kwa maneno, maana kichwa kigumu nimekirithi kwake. Nikaamua kwamba kama Mama haji sebuleni, basi sebule itamfuata.

Runinga yetu ya zamani ilikuwa nzima, imekaa tu juu ya kabati. Fundi mmoja alinishauri ninunue king'amuzi cha pili. Nikakataa. Mama hakulalamika kwamba hana vipindi, alilalamika kwamba yuko peke yake. Nilitaka aone kile tunachokiona sisi, dakika ileile. Kwa hiyo kilichotakiwa ni kisanduku cha kugawa picha, ambacho mafundi wanakiita splita, na kebo moja ndefu ya HDMI kutoka sebuleni mpaka kwake.

Hapo kwenye urefu ndipo watu wengi wanapopigwa. Nilianza kwa kuunga kebo mbili za kawaida. Picha ilikuja na vimulimuli, ikazima, ikarudi bila sauti. Mama aliitazama kwa adabu, akasema ni nzuri, akawasha redio. Nikazing'oa.

Niliposhuka Bukoba mjini nilikuwa nimeshauliza na kusoma vya kutosha. Muuzaji alinitolea kebo nene kama kidole gumba, akaibwaga mezani ili nisikie uzito wake, akasema unene ndio uimara. Nikamwambia hiyo itafaa kufungia mbuzi. Kwa masafa mafupi kebo ya kawaida ya shaba inatosha, wala mtu asikudanganye ununue ya gharama. Lakini ukivuka mita kumi na kitu, picha inaanza kuchoka njiani, na unene peke yake hauiokoi. Mimi nilitaka ile nyembamba yenye uzi wa kioo ndani, inayopitisha picha kwa mwanga. Alikuwa nayo, ameiweka nyuma kabisa. Nikamwambia aifungue, tuitandaze mpaka barazani, tufunge king'amuzi upande huu na runinga upande ule, niione ikifanya kazi kwa urefu wake wote kabla sijalipa. Alinuna. Nikasubiri anune hadi amalize. Tuliitandaza, wapita njia wakawa wanairuka, na picha ikatulia bila hata kutetereka.

Kebo za namna hii zina mwelekeo. Kichwa kimoja ni cha king'amuzi na kingine ni cha runinga, na kila kimoja kimeandikwa. Ukivigeuza, hupati chochote. Hilo nililijua vizuri, na bado liliniponyoka kwa sababu ya heshima za nyumbani kwangu.

Nilirudi na furaha nikapitiliza moja kwa moja kwa Mama kumwonyesha, ndiyo maana kazi ilianzia kwake. Mimi nikawa chumbani nasukuma kebo ndani ya bomba la plastiki tulilolifukia uani, mume wangu akawa sebuleni anaivuta kwa kamba, polepole, maana kioo hakipendi kona kali. Kichwa kilipotokeza upande wake alikisoma, akaona ni cha runinga, kilichotakiwa kubaki kwa Mama. Aliona palepale. Lakini kuniambia kungemlazimu apaze sauti kuelekea chumba cha mama mkwe wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na hakuwa tayari kulianza kwa sababu ya kebo. Simu yangu ilikuwa inachajiwa pembeni yake. Akakaa kwenye kochi kunisubiri. Mimi huku nikaendelea kuziba tundu la ukutani kwa saruji, tena kwa ustadi wangu wote.

Nilipoingia sebuleni nikiwa na saruji mpaka viwikoni, alininyooshea kile kichwa. Nilikasirika, nikasema mengi. Kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake tulibomoa saruji, tukaichomoa kebo yote, tukaigeuza. Picha ikaja.

Nyumba ilibadilika. Goli likiingia, mume wangu alipiga kelele sebuleni, na sekunde ileile Mama alipiga yake uani. Rimoti aliishika mume wangu, lakini saa ya rozari ya Mama ilipofika aligeuza chaneli mwenyewe, hata kama mechi haijaisha. Mama alipochoshwa na wanasiasa alinituma nikamwambie mkwe abadilishe, na mara nyingi nilimkuta ameshabadilisha. Kishanda haikutajwa tena, nami sikuwa mjinga wa kuikumbusha.

Juzi biashara ya dagaa ilimpeleka mume wangu visiwani Muleba, akalala hukohuko. Jioni niliwasha mitambo yote sebuleni, nikabeba chai, nikaenda kukaa kitandani kwa Mama. Nilijiona nimempa jioni ya kifalme: picha safi, timu ambayo siku hizi anaishabikia, na binti yake ubavuni. Alitazama kidogo, akanyoosha mkono, akaizima runinga.

Nikamuuliza kama macho yanamuuma.

"Hapana," alisema. "Mkwe hayupo. Sasa nitaangalia na nani?"