Aliyetuvalisha Kanzu

Mpeleka misiba wa Likoni amefariki, na habari zenyewe nimezipata kwa simu, baina ya picha ya keki ya mtu na tangazo la magodoro. Mzee huyu hakuwa ndugu yangu, alikuwa jirani wa utotoni huko Likoni, kabla sijahamia Kisauni. Kwa miaka na miaka yeye ndiye aliyetumwa na wafiwa kupeleka habari kwa baiskeli: avuke feri, apande Changamwe mpaka Port Reitz, kisha azunguke aje Kisauni, kwetu Junda. Wafiwa wakishaamua saa ya kuzika, yeye huyo njiani.

Alikuwa na utaratibu wake, nao ulikera. Hatoi habari mlangoni. Ataomba maji, ataketi, atasema fulani hatunaye, kisha hainuki ng'o mpaka umevaa kanzu. Siku alipofariki shangazi yangu, mzee alinikuta napaka rangi madirisha. Nikamwambia atangulie, naja. Akasema hizo "naja" za watu wa Junda anazijua, akaketi juu ya ndoo yangu ya rangi. Nilimchukia, wallahi. Lakini nilimwahi shangazi, nikamtia udongo kwa mkono wangu. Tulipokuwa tukivuka feri pamoja mzee aliniuliza, "Na habari yangu mimi ataipeleka nani?" Nilimcheka. Nikamwambia siku hiyo kutakuwa na simu na barabara, watu watajua kwa dakika moja na watajaa tele. Akawa anafuta vumbi kwenye tandiko la baiskeli.

Simu tunazo sasa, wengine mbili mbili. Lami imetufika mlangoni, na kwa njia ya Dongo Kundu mtu wa Changamwe anaingia Likoni bila ya kuiona feri. Tumeendelea, mashallah. Tangazo la msiba lilisema mazishi ni baada ya adhuhuri, na kundi letu la simuni likafurika: huyu innalillahi, yule viganja vya dua, mwengine ua jekundu linalometameta. Mimi niliandika maneno mazuri mno, nikayasoma mara mbili, nikamsahihisha na mwenzangu aliyekosea jina la marehemu. Kisha, kwa kuwa safari siku hizi ni fupi, nikaona muda upo, nikanywa chai.

Nilipofika Likoni watu walikuwa wakikosha majembe. Mdogo wake marehemu alikuwa barazani, bega la kanzu yake limechafuka. Nikampa mkono wa pole, nikaanza kumweleza habari za foleni ya feri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote. Kisha akaniambia jeneza lilibebwa na watu saba, wakipokezana kwa taabu, na mmoja wao alikuwa muuza madafu aliyekuwa akipita tu njia. "Dua zenu tumezisoma, kaka," akasema. "Mabega ndiyo hatukuyaona."

Sina la kujitetea, na nyinyi mliokuwa kwenye kundi lile msinitazame mimi peke yangu. Tulililia lami, tukazililia simu, tukidhani kinachotuchelewesha ni umbali. Yule mzee alijua tangu zamani kwamba kinachotuchelewesha ni viti vyetu, ndiyo maana alikuwa akikaa mbele yetu mpaka tusimame. Nimeona haya, na haya hizo nimezibeba mpaka nyumbani. Kwa hivyo, msomaji wangu, ikikufikia habari ya msiba usijibu kitu. Vaa kwanza.