Kichujio cha Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, Shangazi huchuchumaa nyuma yake, huzungushia kidole kitambaa cheupe na kukiingiza ndani ya bomba la moshi. Hukitazama kile kitambaa, huguna, kisha huenda kunawa. Binti wa kaka yake, anayekaa kwake tangu amalize chuo, alikuwa akimwona kupitia dirisha na kuona haya kuuliza.

Shangazi hupeleka watoto wa chekechea shuleni. Gari lake la zamani lilipochoka kabisa, alinunua jingine lililotumika kwenye yadi ya bwana mmoja mcheshi aliyejulikana kama Shemeji, kwa kuwa ndivyo alivyomwita kila mteja. Gari lilikuwa linang'aa, hadi viti vinanukia. Wiki haikuisha, watoto wa kiti cha nyuma wakaanza kukohoa. Mmoja ana pumu. Mama yake alimtoa kwenye gari kwa maneno ya adabu yaliyomuuma Shangazi kuliko matusi.

Fundi alijilaza chini ya gari, akakigonga kichujio cha moshi kwa spana. Kikalia kama debe tupu. Kumbe kilikuwa kimepasuliwa, madini yake ya ndani yenye thamani yanayosafisha moshi yakatolewa, ganda likachomelewa na kupakwa rangi. Gari la namna hiyo lisingepita ukaguzi, na bila cheti cha ukaguzi Shangazi asingeruhusiwa kubeba mtoto wa mtu.

Alikwenda yadini, binti nyuma yake. Shemeji hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililomchemsha damu Shangazi. Aliwapa viti, akaagiza soda, akaeleza kwa upole kwamba mambo hayo ni ya kawaida. Alikuwa na kichujio kimoja kizima ambacho huwaazima wateja siku ya ukaguzi. Mtu akishapata cheti, kinafunguliwa, kinakwenda kwa mwingine. Hakuna aliyewahi kulalamika.

"Kwa hiyo mimi nipate cheti, watoto wavute moshi," Shangazi akasema.

"Shemeji, mbona unajipa presha? Moshi unatoka nyuma, wewe umekaa mbele."

Binti aliona mishipa ya shingo ya shangazi yake ikisimama. Alijua soda itamwagwa. Lakini Shangazi aliinywa yote, akaweka chupa chini taratibu, akasema sawa, kifungwe.

Gari likapita ukaguzi. Kesho yake fundi wa yadi akafika na jeki mkononi, akamkuta Shangazi amekaa kwenye usukani, milango kaifunga, anafuma sweta. Fundi akampigia bosi wake. Shemeji akaja mwenyewe, safari hii bila mzaha, akidai kuna mteja anakisubiri kwenye kituo cha ukaguzi.

Shangazi akashusha kioo kidogo. "Mimi nilinunua gari zima, na hiki ndicho kilichokuwa kimebaki kwako. Huyo mteja mpe namba yangu, nimweleze kilichomo kwenye gari lake."

Shemeji aliwatazama majirani waliokwisha kutoka nje, akachukua jeki yake akaondoka.

Mtoto mwenye pumu amerudi kiti chake cha nyuma. Kitambaa sasa hutoka na kivuli tu cha masizi, lakini kila asubuhi Shangazi bado huchuchumaa. Siku moja binti akajikaza, akatoka nje, akamuuliza anatafuta nini tena na kichujio kipo.

"Naangalia kama bado kipo," Shangazi alisema, akikunja kitambaa. "Wanajua ninapoegesha."