Mtu Aliyeng'oa Msitu Bila Panga

Wiki hii nimepata habari ya kifo cha mtu aliyeweza kuondoa msitu mzima bila kushika panga, nami nilimfahamu vizuri kuliko wengi. Kazi yake ilikuwa kupanda ndege na kuumulika msitu kwa miale ya leza. Miale mingi huishia majanini, lakini michache hupenya hadi udongoni na kurudi juu, na hiyo ndiyo aliyoikusanya kwa kompyuta mpaka yakaonekana matuta na mahandaki ya watu wa kale. Mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa siku ya kwanza, na tangu hapo nimewaeleza wengi.

Vurugu za uchaguzi zilipozuka mwisho wa 2007, alikuwa amepanga chumba Kianda, kule Kibera. Mimi tayari nilikuwa na karakana Kawangware, niliyoijenga kwa mikono hii. Akanipigia simu: nyumba za jirani zinaungua, kazi yake yote imo kwenye kompyuta moja, na nakala hana. Nikaenda na mkokoteni niliouchomelea mwenyewe, ambao haujaniaibisha hata siku moja. Tukafunika kompyuta na picha zake kwa sukuma wiki, tukaondoka. Hatukufika mbali. Kwenye kizuizi vijana wakafunua picha moja, wakaona mistari mitupu, na huko Kibera karatasi yenye mistari haijawahi kuleta heri.

"Buda, hii ni ramani ya kubomoa nyumba zetu," akasema mmoja, kiberiti mkononi.

"Huo ni msitu," rafiki yangu akajibu.

"Miti iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Yote? Kwani wewe ni tingatinga?"

Akachuchumaa, akawaeleza taratibu, kana kwamba hapakuwa na tairi linalowaka kando yetu. Ndipo mwingine akauliza swali lililoua watu siku zile: "Na hao waliochimba walikuwa kabila gani?"

"Hakuna anayejua. Wametuachia mtaro tu."

Wakaiinamia picha. "Lakini mtaro wao umenyooka kushinda wetu wa hapa mtaani Mashimoni," akasema yule wa kiberiti. Wakacheka, wakatusukumia mkokoteni hadi ng'ambo, ingawa mimi sikuhitaji msaada.

Makabila yetu ni majani, ndugu msomaji. Yatapukutika, ibaki kazi tuliyoichimba. Jumamosi tunamzika, na sepetu nitaishika mwenyewe. Kingo za kaburi lake zitanyooka, ili siku moja mwenye leza akipita juu, aone kwamba hapa palikuwa na watu wanaojua kazi.