Bastola Moja Yatosha

Wiki nzima nimejikasirikia. Nilikuwa mapumzikoni kazini, kwenye nyumba ya wazee huku ughaibuni, Lewisham, mdogo wangu wa Arusha akapiga simu. Amepata kibali cha silaha, sasa eti anataka bastola tatu: ya kuficha kiunoni, ya porini na ya mazoezi. Nikapandisha sauti.

“Nunua moja ya wastani, uizoee hiyo hiyo. Ukivamiwa utaanza kuchagua?”

Akaniomba nipunguze sauti.

“Nani atanielewa? Niko na bosi wetu Mhindi tu, kakunja uso kama analamba ndimu.”

Bosi akaweka kikombe chini.

“Mimi nimezaliwa Moshi,” akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. “Mdogo wako umemshauri vizuri. Wewe chukua koti lako, twende ofisini.”