Nilipanga safari ya boti kwenda kisiwa cha twiga nikiwaficha marafiki hali ya mguu wangu

Wakuu, habari zenu.

Mimi huwa msomaji tu hapa, siandiki. Leo nimeamua kuandika yote, hata ile sehemu ya aibu, kwa sababu hakuna anayenijua huku na sina wa kumfurahisha.

Ni refu kidogo. Mwenye chai aweke karibu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Naishi Murera na nina kiduka cha nyuzi na vifungo pale Ruiru. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka kumi na sita kwenye kiwanda cha chakula Thika, Industrial Area. Kwa line yetu tulikuwa watatu tusioachana: mimi, Wangui na Nafula. Wangui ni wa huku kwetu. Nafula ametoka Bungoma, alikuja Thika kutafuta kazi akiwa msichana, akakaa.

Miaka mitatu iliyopita nilianguka kwenye ngazi za flat tuliyokuwa tunaishi Ruiru. Stima ilikuwa imepotea, nikakosa step moja. Nyonga ikavunjika, nikawekwa chuma.

Nilipotoka hospitali mzee wangu, Kariuki, alikuwa anafanya shift, na binti yetu Shiro alikuwa boarding. Aliyeniosha ni Nafula. Wiki sita. Anatoka kazini Thika, anakuja Ruiru, ananiosha, ananivalisha, anasonga ugali, anarudi kwake. Na tangu siku hiyo hajawahi kunikumbusha hata mara moja.

Sasa mwaka jana Nafula akatuambia anaacha kazi, anarudi Bungoma kabisa. Mama yake amezeeka na anakaa peke yake.

Tukamuuliza tumfanyie nini kabla aende. Sherehe? Zawadi? Akasema anataka kitu kimoja: kupanda boti Naivasha, aende kile kisiwa ambacho unatembea kwa miguu katikati ya twiga na pundamilia.

"Nimekaa Thika miaka ishirini na mbili," alisema, "na mnyama niliyeona ni paka wa canteen."

Wangui akasema, "Mama Shiro ndiye apange. Yeye ndiye anakaa na simu siku nzima."

Nikacheka, nikasema sawa.

Walidhani nimepona. Wakiniuliza nasema niko poa siku hizi. Crutch, ule mkongojo wangu, nilikuwa naiita ya tahadhari tu. Ukweli ni kwamba mguu wa kulia nilikuwa siwezi kuuinua kupita urefu wa tofali, na chuma kilikuwa kimeanza kuniuma hata nikiwa nimekaa. Daktari alikuwa ameniambia pengine itabidi nyonga yote ibadilishwe. Hiyo habari nilimwambia Kariuki peke yake.

Kwa nini nilinyamaza? Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa wa watu. Halafu ninamjua Nafula. Angesikia, angesema basi tuache, tule nyama Thika twende nyumbani. Safari yake ya kuaga ingekufa kwa sababu yangu, yangu mimi ambaye alinisugua mgongo wiki sita.

Basi nikaanza kuwapigia simu wenye boti wa Naivasha.

Wa kwanza nikamwambia nina shida kidogo ya mguu. "Hakuna shida mathe! Hapa hata wazungu wazee kabisa wanapanda." Wa pili, "Karibu sana, hakuna shida." Wa tatu alikuwa ameshaanza kuniuliza tutakuja lini kabla sijamaliza sentensi.

Mnajua wakuu, mtu akikuambia hakuna shida na hajakuuliza mguu una nini, usiku hulali. Nilikuwa najiuliza: boti iko juu kiasi gani? Kuna cha kushika? Nikifika kisiwani nashukia wapi? Choo kiko wapi, kina ngazi ngapi, ni cha kuchuchumaa ama cha kukaa? Mimi kuchuchumaa nilisahau siku niliyoanguka.

Nikaanza mazoezi nyumbani, nyuma ya nyumba ambapo majirani hawaoni. Nikaweka kreti tupu ya soda chini, nijaribu kupanda. Siku ya kwanza nikashindwa. Siku ya pili nikapanda na mguu mzuri, nikavuta ule mwingine, kreti ikateleza. Nilianguka kwa ubavu, nikabaki pale nikiangalia kuku.

Kariuki ndiye alinipata. Aliniinua, akanipangusa vumbi, akanisaidia kuingia ndani.

"Waambie," alisema.

"Nikiwaambia wataahirisha."

"Na ukivunjika tena?"

Nikamwambia aniachie hayo mambo. Siku mbili tulikuwa tunaongea ya chakula tu.

Namba ya nne nilipewa na dereva ambaye tungekodi gari lake. Mwenye boti alikuwa mzee kwa sauti, kila mtu anamwita Kapteni. Nikamwambia kama nilivyowaambia wale wengine.

"Mguu gani?" akauliza.

"Wa kulia."

"Unauinua mpaka wapi? Tofali? Ndoo?"

Wakuu, nilikaribia kulia kwenye kiduka. Nikamwambia tofali, na kwamba shida ni nyonga.

Akanieleza kila kitu. Upande wake kuna gati la ubao, boti inasimama sambamba na ubao, pale ataweka stuli na sitateseka. Lakini kisiwani ziwa lilipanda likameza mahali pa kushukia. Unashuka ndani ya maji ya kufika kwenye kifundo, halafu matope, halafu kamlima kadogo.

"Kazi iko huko," alisema. "Kurudi ndani ya boti ndiko kugumu kuliko kushuka. Na msikawie, mchana upepo huamka."

Huyo ndiye aliyenitisha kuliko wote, na ndiye nilimchagua. Nilijua angalau kitu ninachoogopa kinafanana vipi.

Mpango wangu ukawa hivi: nitapanda boti na wao, tukifika kisiwani nitasema kichwa kinaniuma, nitabaki kwenye boti. Nafula ataona twiga wake. Hakuna atakayejua.

Siku ikafika, Jumamosi. Dereva alichukua Nafula na Wangui Thika, wakanipitia pale Juja, karibu na kwetu. Wangui alikuwa amebeba thermos mbili na mandazi. Mimi sikunywa kitu tangu usiku uliotangulia, hata maji. Wale wenye shida kama yangu mnaelewa. Usipojua choo kilivyo, unakauka kwa hiari.

"Mbona hunywi?" Wangui akaniuliza.

"Nimekunywa nyumbani."

Nafula alikuwa anaimba nyimbo za kanisa njia nzima. Mimi nilikuwa nahesabu tofali kichwani.

Tukafika. Kapteni akatoka kwenye kibanda chake, mzee mfupi amevaa gumboots. Hakusalimia vizuri hata. Alituangalia sisi watatu, akauliza kwa sauti:

"Mama wa nyonga ni yupi kati yenu?"

Hapo ndipo mpango wangu uliishia.

Wangui akacheka, akidhani ni mzaha. Nafula hakucheka. Aligeuka akaangalia crutch, halafu akaniangalia usoni.

"Nyonga imefanya nini?"

Kapteni akaona ameharibu, akatafuta kamba ya kufunga. Nikamwambia Nafula ukweli nikiwa nimeangalia chini. Mguu, chuma, maneno ya daktari. Kreti nilificha.

Nilidhani atanihurumia. Wakuu, alikasirika.

"Nimekuosha mwili mzima mimi," alisema. "Mwili mzima, Mama Shiro. Sasa mguu ndio unanificha?"

"Sikutaka uahirishe."

"Nani alikuambia nitaahirisha? Uliniuliza?"

Wangui akajaribu kuingilia, akaambiwa anyamaze.

Tukapanda boti. Kupanda kwenyewe kulikuwa kama Kapteni alivyosema: ubao, kisha stuli, halafu akanipa bega lake nishike. Nilivaa life jacket nikaikaza mpaka nikashindwa kupumua. Nafula alikaa mbele kabisa akinipa mgongo.

Tulipita karibu na viboko. Tuliona masikio kwanza, yakitikisika juu ya maji, halafu kichwa kizima kama jiwe jeusi. Kapteni akapunguza injini, akazunguka mbali. Wangui alikuwa anataja jina la Yesu polepole. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba hii boti ikipinduka, hao wawili pengine watashika kitu, lakini mimi nitazama na chuma changu. Najua si akili. Hofu haina akili.

Kisiwani Kapteni akaingiza boti mpaka ikakwama kwenye matope. Wangui akashuka akipiga kelele maji ni baridi. Nikasema, "Nendeni tu. Mimi nitawangojea hapa na Kapteni."

Nafula alikuwa ameshashuka. Alisimama ndani ya maji, sketi ameishika mkononi. Bado alikuwa amekasirika, hilo mjue. Halafu akafungua leso aliyokuwa amejifunga, akanirushia.

"Jifunge kiunoni. Tushuke vile tulikuwa tunaingia bafu."

Ile flat ya Ruiru ilikuwa na kizingiti kirefu mlangoni mwa bafu. Tulikuwa na njia yetu: nakaa, nageuka, natoa mguu mbaya kwanza, yeye ameshika leso kiunoni kwa nyuma, sio mkono wangu. Ukimshika mgonjwa mkono unamwangusha.

Nikakaa ukingoni mwa boti. Nikageuka. Mguu mbaya ukagusa maji, ukagusa matope. Nikasimama.

Kamlima tulikapanda kwa mapumziko manne. Juu kulikuwa na gogo, nikakaa, na hapo ndipo safari yangu iliishia. Sikutembea katikati ya twiga. Wangui alienda na guide wa pale kisiwani, sisi wawili tukabaki kwenye gogo. Twiga walikuwa kule mbali, kama hatua mia mbili, wakila miti bila haraka. Pundamilia mmoja alitukaribia akatuangalia, akaona hatuna maana, akaondoka.

"Nenda ukawaone karibu," nikamwambia Nafula.

"Nawaona."

Tukakaa. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Unajua mimi naogopa kurudi nyumbani?"

Sikuwa najua. Aliniambia hajaishi na mama yake tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Kwamba mama amesahau majina ya watu, mengine anayachanganya. Kwamba kaka zake wamesema asante, wakaacha kupokea simu. "Nitamuosha mtu ambaye hanijui?" aliniuliza. Mimi nilikuwa nimeona mtu anayeenda kupumzika kwao. Miezi yote ile nilikuwa nafikiria mguu wangu, sikumuuliza hata swali moja.

Mara tukasikia filimbi ya Kapteni. Upepo ulikuwa umeamka, na Wangui akarudi mbio.

Sasa hii ndiyo sehemu ya aibu.

Tulipofika chini ziwa lilikuwa limebadilika. Mawimbi yanapiga boti, boti inaruka, na Kapteni alikuwa ameitoa kwenye matope mpaka maji ya mapajani. Wangui akaingia. Mimi nikashika ukingo, nikajaribu kukaa nigeuke, wimbi likaisukuma boti, nikaanguka ndani ya maji mpaka kifuani. Sijui kama mnajua woga wa kutafuta chini na mguu usiokutii. Nilipiga mayowe. Nafula alikuwa ameshika leso, hakuiachilia, hata alipopiga magoti kwenye matope. Kapteni akanivuta kwa mabega ya life jacket, Wangui akanishika nguo. Nikaingia kifudifudi kama samaki.

Na katikati ya hayo yote nilijikojolea.

Sikunywa kitu siku nzima, bado nilijikojolea. Hakuna aliyejua, kwa sababu sote tulikuwa tumelowa chapachapa. Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapoandika hapa.

Kurudi tulikuwa tunatetemeka. Nafula alikaa nyuma na mimi, ameniwekea mkono mgongoni. Kwa gari Wangui akamimina chai, nikanywa vikombe vitatu, na dereva alisimama mara mbili njiani nikaenda chooni nikiwa nimeshikwa na watu wawili. Niliona haya mara ya kwanza. Ya pili nilikuwa naongea na Wangui kuhusu bei ya vitunguu.

Nafula aliondoka wiki tatu baadaye. Mama yake humwita kwa jina la shangazi, na Nafula huitika. Tunaongea Jumapili baada ya kanisa, na siku hizi mimi ndiye huanza kuuliza.

Nilichojifunza, kwa wale mna mguu mbaya ama mna mzazi mwenye shida ya kutembea na mnapanga boti. Usiulize kama kuna shida. Uliza urefu wa kupanda, uliza kurudi kukoje, uliza choo ni cha aina gani, uliza upepo huamka saa ngapi. Anayekupa jibu baya lenye vipimo ndiye wa kwenda naye. Tokeni asubuhi na mapema. Na wale mnaosafiri nao waambieni kabla. Mimi nilijiona nawalinda, kumbe nilikuwa nimewakosea heshima.

Mwezi ujao naingia kubadilishwa nyonga. Nimekubali. Nafula hawezi kuja, ni msimu wa kupanda na mama hawezi kuachwa. Wangui ameomba ruhusa kazini. Nimemwonyesha jinsi ya kushika leso.

Naogopa sana, wakuu. Kama kuna aliyefanyiwa, naomba uandike hapa chini: siku ile ya kwanza wanapokusimamisha, inauma vipi, na ulishika nini? Niandikieni hali halisi hata kama ni mbaya. Nitajibu kila mmoja, kiduka hakina wateja wengi wiki hii.