Vijiko Vitatu vya Unga

Siku niliyong'oa kitasa cha mlango wa choo, mdogo wangu Celeste alikuwa bado yumo ndani.

"Yanina, unafanya nini na bisibisi?"

"Nang'oa kitasa."

"Tumbo linanikata, dada. Nipe dakika mbili tu."

Sikumpa hata moja.

Subirini kwanza, mtanitukana mkimaliza kusoma.

Mama alifariki Celeste akiwa na miaka saba, nikamlea mimi. Baba, mzee Osvaldo, ana duka la tambi mbichi hapa Rosario, na sisi tunakaa juu ya duka. Unga wa ngano kwetu uko mpaka kwenye nyusi.

Celeste alipofika kumi na sita akaacha kula. Anaficha nyama kwenye mikono ya sweta, anajitapisha, anatuapia kwamba ameshiba. Alibaki mifupa. Tulihangaika kliniki miaka miwili, akapona, tukapumua.

Alipofika kumi na tisa kilo zikaanza kuporomoka tena.

"Mkate unaniumiza," akasema.

Wimbo huo nilikuwa naujua. Zamani alisema hivyohivyo kuhusu viazi, na wali, na maziwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Akaacha mkate na tambi, akawa anakula polenta tu, ule ugali laini wa mahindi. Nikaona huyu ananichezea akili. Basi kila mchana, akigeuka tu, namchanganyia vijiko vitatu vya unga wa ngano. Apate nguvu, nilijiambia.

Miezi mitatu. Tumbo likamvimba, mdomo ukajaa vidonda, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana.

Ikafika tarehe ishirini na tisa, siku ya ñoqui, vile vitonge vidogo vya viazi na ngano, kila mtu na noti yake chini ya sahani kutafuta bahati. Celeste akasukuma sahani.

"Nimezikanda mwenyewe, mwanangu," Baba akasema.

"Zinaniua, Baba."

"Zinakuua au zinakunenepesha?" Huyo nilikuwa mimi.

Akaivuta sahani tena. Alikula kumi, moja moja, akinitazama. Kisha akakimbilia chooni, na mimi nikaenda kutafuta bisibisi. Nilipofungua hakuwa anajitapisha. Alikuwa amekaa, amejikunja, analia kwa maumivu. Hata hivyo sikumwamini.

Jumatatu nikampeleka kliniki ileile alazwe. Daktari alikuwa mgeni, mama mmoja anaitwa Ledesma. Akataka damu kwanza, halafu kamera tumboni. Baada ya wiki akatuita.

"Ana siliaki. Ngano inamharibu utumbo."

"Lakini yeye ana ule ugonjwa wa kutokula," nikasema.

"Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Yanaonekana kufuatana, na bado hatujui vizuri lipi linamvuta mwenzake." Akamgeukia Celeste. "Ila umeniambia kwamba hukugusa ngano miezi mitatu, isipokuwa siku moja. Damu yako haisemi hivyo."

"Sijagusa, naapa."

Daktari akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshaapiwa na wengi. Celeste akanigeukia. Nilimwona anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Ningenyamaza, angebaki mwongo maisha yake yote.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa namtilia kwenye polenta."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Ulimuumiza sana," daktari akasema. Halafu, bila furaha yoyote, "Lakini angeacha ngano kabisa, kipimo kingeweza kutoka safi, na sisi sote tungesema ule ugonjwa wa zamani umerudi."

Nikainua kichwa kidogo, mjinga mimi.

"Usijipongeze," Celeste akasema.

Kitasa nilikirudisha jioni ileile. Jikoni Celeste alinipiga marufuku miaka miwili. Ana sufuria yake, mwiko wake, na ñoqui za tarehe ishirini na tisa anajikandia kwa unga wa muhogo.

Wewe unayeuguza mtu, sikia. Aliyekudanganya jana anaweza kusema kweli leo, na tumbo ni lake. Mpeleke akapimwe kabla hujawa daktari wa kijiko.

Mwezi uliopita simu yake iliita akiwa jikoni.

"Yanina, njoo unikorogee hii polenta."

Nilikoroga kwa mkono mmoja. Ule mwingine, mtupu, niliuweka nyuma ya mgongo wangu, na nikasimama pale ambapo angeweza kuuona.